Alama, nyota au maneno: mnunuzi wa mvinyo Zanzibar amsikilize nani?

Wahudumu na wanunuzi wengi katika hoteli za Unguja na Pemba hatutumii pombe. Hata hivyo kazi inatutaka tuijue. Mgeni ameketi Nungwi au Shangani, amefungua orodha ya vinywaji, anauliza ipi kati ya chupa mbili itakwenda na pweza wa nazi, na anastahili kujibiwa ukweli. Kabla ya mgeni alishakuja msambazaji na karatasi ya bei, kila chupa ina tarakimu pembeni yake: 91, 16.5, nyota nne na nusu, medali ya fedha, 4.1. Anayenunua, ambaye huenda hajaonja mvinyo maishani mwake, anatakiwa aseme zishushwe katoni ngapi na za shamba gani.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Asiyeonja anategemea ulimi wa mwingine, kwa hiyo lazima ajue ulimi huo ni wa nani, ulionja lini na wapi, na mwenye ulimi alikuwa anamwandikia nani. Tarakimu zile zimepangwa kwenye safu moja, lakini kila moja ina asili yake na haisomwi kama jirani yake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kwa visiwa hivi, maneno ya mhakiki yana faida kubwa kuliko alama aliyoitoa, na anayenunua kwa kutazama alama peke yake huishia kuwawekea wageni chupa zisizolingana na joto letu wala vyakula vyetu.

Zilikotoka

Zamani aliyeandika habari za mvinyo mara nyingi ndiye aliyeuuza. Madaraja mashuhuri kuliko yote, ya Bordeaux nchini Ufaransa, yalipangwa na madalali mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na kipimo chao kikubwa kilikuwa bei ambayo kila shamba lilizoea kupata sokoni. Orodha ile haijaguswa sana tangu hapo. Badiliko linalotajwa zaidi ni la mwaka 1973, Château Mouton Rothschild lilipotolewa daraja la pili likapandishwa la kwanza. Uingereza nako waandishi wengi wa mvinyo walikuwa wafanyabiashara wa mvinyo au marafiki zao. Waliandika kwa lugha nzuri ya kupendeza, lakini ni nadra mtu kuiponda bidhaa iliyomo ghalani mwake.

Hali hiyo ilitikiswa mara mbili ndani ya miaka michache. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo mjini Paris, aliwakusanya waonjaji Wafaransa, akawamiminia mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha chupa. Kila mwonjaji alitoa alama kati ya 20. Alama zilipojumlishwa, aliyeongoza upande wa mvinyo mwekundu ni Stag's Leap Wine Cellars wa mavuno ya 1973, na upande wa mweupe ni Chateau Montelena wa mwaka huohuo, wote wa California. Walioupa mvinyo wa Marekani ushindi ni Wafaransa wenyewe, kwa sababu tu hawakuyaona majina.

Kisha akaja Robert Parker, mwanasheria wa Maryland, Marekani. Mwaka 1978 alianzisha jarida lake, The Wine Advocate, akalikatalia matangazo ya biashara. Alifuata mfano wa Ralph Nader, aliyejulikana Marekani nzima kwa kumtetea mlaji dhidi ya makampuni. Parker alitoa alama kuanzia 50 hadi 100, mtindo ambao kila Mmarekani aliuzoea tangu skuli. Mvinyo wa Bordeaux wa mavuno ya 1982 ulipotoka, wahakiki kadhaa waliutilia shaka. Yeye aliusifu bila kusita, na miaka iliyofuata ikampa haki. Kutoka hapo alama zake zikawa na nguvu ya kupandisha bei ya mvinyo wa shamba zima au kuufanya usitazamwe. Wenye mashamba Bordeaux walisubiri namba ya mtu mmoja ndipo wapange bei zao. Aliacha kazi ya uhakiki mwaka 2019, na hakuna aliyeurithi uzito wake peke yake. Umegawanyika kwa wahakiki wengi na kwa mamilioni ya wanywaji wenye simu.

Namheshimu Parker kwa jambo moja kubwa: alimwandikia mnunuzi, wala si muuzaji. Ila mfumo aliouacha sasa unatumiwa zaidi na wauzaji, na hapo ndipo panapohitaji tahadhari.

Alama kati ya 100

Uzuri wake ni wepesi. Mgeni wa Marekani akiona 93 hahitaji maelezo. Katika hoteli kubwa yenye stoo ya ubaridi na wageni wanaoagiza chupa za bei kubwa, alama hizi zinauza, na si haki kuzibeza.

Ubaya wa kwanza ni kwamba mizani yenyewe imebana. Kwa maelezo ya Parker mwenyewe, 70 hadi 79 ni mvinyo wa kawaida, 80 hadi 89 ni kuanzia juu ya kawaida mpaka mzuri sana, 90 hadi 95 ni bora, na 96 kwenda juu ni wa pekee. Lakini muuzaji hatundiki 84 dukani kwake, na mhakiki aliyetoa alama kubwa ndiye jina lake linalobandikwa kwenye chupa. Matokeo yake, karibu kila kinachofika kwenye karatasi ya msambazaji kimekaa kati ya 88 na 94, na kati ya 90 na 91 hakuna tofauti ambayo mgeni wa kawaida ataihisi mezani.

Ubaya wa pili ni mzito zaidi. Mkulima wa Pemba anayepeleka karafuu zake kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anajua maana ya daraja. Karafuu zinatazamwa ukavu wake, rangi, uchafu na makonyo yaliyomo, zinapewa daraja la kwanza, la pili au la tatu, na bei inafuata daraja. Gunia lilelile likikaguliwa tena na mtu mwingine, jibu halitarajiwi kuwa mbali. Alama ya mvinyo imevikwa sura hiyohiyo ya kipimo, ila haina uimara huo. Robert Hodgson, msomi mstaafu mwenye shamba dogo la mizabibu California, aliwashawishi waandaaji wa mashindano ya mvinyo ya jimbo lake wamruhusu kuwajaribu waamuzi. Katikati ya vikombe vingi alivyowapangia, aliweka mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, bila wao kujua. Matokeo aliyachapisha mwaka 2008: kwa kawaida mwamuzi alipishana na nafsi yake kwa kiasi cha alama nne kwenda juu au chini, na ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa thabiti. Yaani mvinyo wa 90 kwa mwamuzi yuleyule, asubuhi ileile, ungeweza kupata 86 au 94. Hao walikuwa watu wa fani, si wapita njia.

Halafu kuna suala la mwaka wa mavuno, ambalo kwetu ndilo linaloumiza mfuko. Alama hutolewa kwa mavuno ya mwaka mmoja tu. Karatasi ya bei ikisema 92, tafuta mhakiki alionja ya mwaka gani, kisha tazama chupa iliyomo kwenye katoni. Si mara moja karatasi inajivunia alama ya mavuno yaliyokwisha kunywewa huko Ulaya, na inayoshushwa bandarini Malindi ni ya miaka mitatu mbele, mvinyo mwingine kabisa.

Na mwisho, mvinyo mzito wenye zabibu zilizoiva sana, mbao nyingi na pombe ya asilimia 14 au 15 huvuta macho ya mwonjaji anayepita kwenye vikombe vingi kwa siku moja. Ndio unaong'ara mbele ya wenzake. Mpeleke mvinyo huohuo Paje mwezi wa Februari, saa nane mchana, nyuzi 32, mbele ya sahani ya samaki wa kupaka. Mgeni atakunywa nusu glasi, ataomba maji.

Alama kati ya 20, na nyota za Afrika Kusini

Mfumo wa alama 20 ni wa zamani kuliko wa Parker. Chuo kikuu cha California kilichoko Davis kiliutumia kufundishia, na mhakiki mashuhuri anayeushikilia hadi leo ni Jancis Robinson wa Uingereza. Kwake 15 ni mvinyo wa wastani, 16 ni wenye sifa, 17 ni wa hali ya juu. Mnunuzi asiyejua hili ataigeuza 16.5 kuwa asilimia, atapata 82 na kitu, ataiona dhaifu mbele ya 91 ya jirani yake, na ataikosa chupa nzuri. Usizigeuze. Zisome ndani ya mfumo wake.

Kwa stoo zetu, naona nyota za mwongozo wa Platter wa Afrika Kusini zinafaa zaidi kuliko mifumo yote miwili. Sababu ni rahisi: sehemu kubwa ya mvinyo unaowekwa mezani hapa unatoka Afrika Kusini, na mwongozo huo unashughulikia nchi hiyo tu. Ulianza kutoka mwaka 1980, unatoka kila mwaka, na unataja hata mashamba madogo ambayo mhakiki wa London hana muda nayo. Kipimo chake cha asili ni nyota, tano ndiyo ya juu. Lipo jambo la kulijua: waonjaji wake kwa kawaida huonja huku wakiiona chupa, na wale wanaogombea nyota tano tu ndio huonjwa upya bila majina. Wanaoutetea utaratibu huu wanasema historia ya shamba inasaidia kuelewa mvinyo. Mimi naukubali kwa masharti: nyota tano nazipa imani kamili, nyota tatu na nusu na nne nazisoma pamoja na maelezo yaliyoandikwa chini yake.

Medali

Hapa sitakaa sana. Wazalishaji hulipa ada ili mvinyo wao uingizwe mashindanoni, na mashamba makubwa kabisa mara nyingi hayaingii, kwa hiyo dhahabu maana yake ni kuwashinda au kulingana na waliojitokeza. Mashindano yanayoheshimika yapo: ya jarida la Decanter, yaliyoanza mwaka 2004, yanaonjwa bila majina na yana ngazi zilizoelezwa, shaba kuanzia alama 86, fedha kuanzia 90, dhahabu 95 na platini 97. Medali ya fedha ya hapo ni ishara nzuri. Stika ya dhahabu isiyosomeka ni ya mashindano gani na ya mwaka gani, iache kwenye chupa na uiondoe kwenye hesabu zako.

Sauti ya wengi

Mwaka 2010 huko Denmark ilianzishwa Vivino, programu ya simu ambayo mtu anaipiga picha lebo ya chupa na kuona nyota walizotoa wanywaji wenzake, kuanzia moja hadi tano. Kabla yake ilikuwepo CellarTracker, iliyoanzishwa na Eric LeVine wa Marekani, ambapo wapenzi wa mvinyo huandika kwa urefu kila walichofungua. Hapa ndipo uhakiki ulipobadilika kuliko wakati wowote tangu Parker: kilichokuwa kwa watu wachache kikawa kwa kila mtu.

Kwa mnunuzi asiyekunywa, sauti hii ina thamani kwa sababu mgeni wa Kendwa anafanana zaidi na mnywaji wa Vivino kuliko na mhakiki. Ipo na hoja ya kitafiti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya zaidi ya maonjo 6,000 ambayo watu hawakuambiwa bei, ulionyesha kwamba wasio wataalamu hawakuupenda mvinyo ghali kuliko wa bei ndogo. Walielekea hata kuupenda kidogo chini yake, huku waliosomea wakielekea upande wa pili. Basi kama chupa ya bei ya kati ina 4.1 kwa kura elfu kadhaa, jua itanyweka, na mgeni hatairudisha.

Mipaka yake nayo ni mikubwa. Chupa nyingi hujikusanya karibu na 3.5 na 4, hivyo tofauti ndogo hapo ina maana zaidi kuliko inavyoonekana. Kura nyingi hupigwa na mtu aliyeiona lebo na aliyeilipia, na aliyetoa fedha nyingi hapendi kuamini zimepotea. Wengi huvutiwa na utamu na uzito, kwa hiyo mvinyo mkavu, mwembamba, wenye uchachu, ambao ndio hasa unaofaa na kamba na ngisi wetu, hupata nyota chache kuliko haki yake. Na Vivino yenyewe inauza mvinyo. Sitasema haiaminiki kwa ajili hiyo, ila inafaa mtu akumbuke.

Kinachonisikitisha zaidi ni uchache wa maneno. Ukishuka chini ya nyota utakuta "nzuri sana", "tuliifungua harusini", "tamu". Hayo hayamsaidii mhudumu aliyesimama mbele ya mgeni anayetaka kujua kama mvinyo huu utapigana na pilipili.

Maneno

Hapa ndipo ninapomwelekeza mwenzangu atumie muda wake. Alama inasema mhakiki alipenda kiasi gani. Maelezo yanasema kilichomo kwenye chupa, na kilichomo kwenye chupa unaweza kukipatanisha na chakula, joto na mgeni wako.

Lakini maneno nayo hayalingani. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bordeaux, ambapo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiamrisha pua. Kwa hiyo nikisoma uhakiki, orodha ya matunda sianzi nayo. Natafuta kwanza mambo manne ambayo mhakiki mzuri hayaachi: uchachu ni mwingi au mdogo, sukari imebaki au mvinyo ni mkavu, tanini ni kali au laini, pombe ni asilimia ngapi. Tanini ndiyo inayokaza ulimi mtu anapokula zambarau, na katika mvinyo mwekundu inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwenye mbao. Mhakiki aliyeandika aya ndefu ya kupendeza bila kugusa hata moja kati ya hayo manne amemwandikia msomaji wa starehe. Mnunuzi amwache.

Ukiyapata hayo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Tanini kali na pombe nyingi huzidisha mwako wa pilipili mdomoni. Kwa hiyo mwekundu wa namna hiyo usiuweke karibu na mchuzi wa pweza wenye pilipili ya mbuzi, hata uwe na 96. Sukari kidogo hupoza mwako huo. Uchachu hukata mafuta ya nazi, ndiyo maana Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa zaidi kuliko nyingine yoyote Afrika Kusini, hukaa vizuri na vyakula vyetu, hasa ile isiyopitishwa kwenye mapipa. Pilau ya nyama inaweza kubeba Pinotage laini, zabibu iliyozalishwa huko huko Afrika Kusini mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, ikitolewa imepoa kidogo, nyuzi 16 hivi. Biriani ya kuku naipeleka upande wa mweupe mzito.

Baada ya hapo ndipo yaje matunda na viungo, na hapa mtu wa Zanzibar ana urithi ambao wahakiki wengi hawana. Ann Noble wa Davis alipotengeneza gurudumu lake la harufu mwaka 1984, yaani mchoro wa duara wenye majina ya harufu za mvinyo, alitaka waonjaji waache maneno kama "adhimu" na "wenye heshima", watumie vitu vinavyoweza kunuswa na kuhakikishwa. Kwenye sehemu ya viungo aliweka karafuu na pilipili manga. Mwonjaji wa London anajifunza karafuu kutoka kwenye kichupa cha jikoni. Sisi tumezikanyaga juu ya majamvi zikianikwa.

Wala si mapambo ya lugha. Eujenoli, inayoipa karafuu harufu yake, imo pia kwenye mbao za mwaloni, na mvinyo uliokaa kwenye mapipa hayo huichukua pamoja na vanilini, ileile ya vanila. Mhakiki akiandika karafuu na vanila, amekwambia mvinyo umelala kwenye pipa, na hapo tayari umejua ni mzito na bei yake itakuwa juu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliitambulisha kemikali inayoitwa rotundoni kuwa ndio chanzo cha harufu ya pilipili manga kwenye zabibu za Shiraz. Hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye pilipili manga zenyewe. Gewürztraminer inashirikiana harufu na waridi na tunda la laichi, ndugu wa shokishoki wetu. Sauvignon Blanc ya New Zealand hunukia pesheni na mapera. Riesling ya miaka mingi hutoa harufu ya mafuta ya taa, na mhudumu anayelijua hilo hatashtuka mgeni akisema chupa inanuka, atamweleza.

Mhakiki wa Ulaya atakutajia matunda ya vichakani kwao ambayo hapa hatuyaoni. Usiyakariri. Mgeni anatambua mara moja kwamba mhudumu anarudia maneno asiyoyajua ladha yake. Watu wa nchi nyingine wameshafanya kazi hii ya kuleta maneno kwao: Jeannie Cho Lee, aliyezaliwa Korea, ambaye mwaka 2008 alikuwa wa kwanza mwenye asili ya Asia kupata cheo cha Master of Wine, ameeleza mvinyo kwa matunda na vyakula vya Asia. Mwaka 2017 timu ya Zimbabwe, vijana wanne waliohamia Afrika Kusini na kuanzia kazi za chini mahotelini, ilikwenda Ufaransa kushindana katika mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona chupa. Walishika nafasi ya 23 kati ya 24. Mwaka uliofuata walikuwa wa 14. Mmoja wao, Tinashe Nyamudoka, sasa ana mvinyo wake mwenyewe. Hawa hawakukulia kwenye nyumba zenye chupa za Bordeaux, na hilo halikuwazuia.

Kuhusu kunusa, kila mtu na imani yake. Wapo wenzetu wanaonusa tu wakatosheka, wapo wasiotaka hata hilo, na meneja mwenye busara hamlazimishi mtu. Mwenye kunusa tu anaweza kwenda mbali sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita ladha hupitia puani. Asiyenusa atahitaji mwenzake anayeonja, na karatasi ya mhakiki aliyeandika yale mambo manne.

Nani achague nini

Mwenye hoteli kubwa ya ufukweni yenye wageni wengi wa Marekani na stoo inayokaa nyuzi 13 mchana na usiku, atumie alama kati ya 100 kwa chupa zake chache za juu, kwa sharti kwamba mwaka wa mavuno kwenye alama na kwenye chupa ni mmoja. Alama ilitolewa kwenye chumba chenye ubaridi karibu na shamba. Ikiwa chupa imekaa kwenye kontena juani au kwenye stoo ambayo umeme ukikatika inakuwa tanuri, namba ile haihusiani tena na kilichomo ndani.

Mkahawa wa Mji Mkongwe unaouza samaki, pweza na kamba, ushike nyota za Platter na maelezo yake, uongeze sauti ya wengi kama kithibitisho cha pili. Nikikuta chupa yenye nyota nne, maelezo yanayotaja uchachu na ukavu, na 3.7 ya wanywaji, naichukua kabla ya ile yenye 4.2 na maelezo ya utamu na mbao.

Nyumba ndogo ya wageni Pemba, tuseme kule Kigomasha, yenye chupa za aina sita na wageni wanane, haihitaji mhakiki wa kimataifa. Ichukue mweupe na wa rangi ya waridi wa mavuno mapya, wenye kifuniko cha kuzungusha, ukaguliwe kwenye Vivino usiwe chini ya 3.5, na ununuliwe kidogo kidogo ili usizeeke. Katika unyevu wetu, kifuniko hicho kina faida zaidi ya nyota nusu.

Inabaki chupa ambayo wageni wanaiulizia mara kwa mara na wahakiki wakubwa karibu hawaigusi: mvinyo wa Dodoma. Zabibu zililetwa kule na wamisionari wa Kitaliano katika miaka ya 1950, huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya hali ya hewa, na ipo zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora kwa jina la mahali ilipostawi. Kwa mvinyo huu alama za London hazitakufaa, na kura kwenye simu ni chache mno kuaminika. Hapa uhakiki ni lazima tuuandike wenyewe. Kila chupa ikifunguliwa, anayeonja au anayenusa aandike kwenye daftari la baa: jina la kiwanda, mwaka kama umeandikwa, mkavu au mtamu, uchachu, tanini, harufu tatu kwa majina ya vitu vya hapa, chakula kilicholiwa nacho, na kama mgeni aliongeza glasi ya pili. Baada ya msimu mmoja wa kusi, daftari hilo litakuwa na habari za mvinyo wa Dodoma kando ya chakula cha Kizanzibari ambazo hakuna jarida lolote duniani limeziandika.